Umbea wa Mwinyi na Bibie

Mahameli ikipigwa pasi ya mvuke hutoa harufu ya vumbi la zamani na nywele zilizolowa. Mwezi uliopita niliisikia harufu hiyo kwa dobi mmoja huko Pickering, nikasimama na koti langu mkononi, nimesahau nilichofuata. Nilikuwa nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, katika fleti yetu ya Flemingdon Park, mtaa wa wahamiaji, nikimwonea wivu mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa watatu, mimi, Mama na Papa, kama tunavyomwita baba sisi watu wa Bukavu. Papa alifunga biskuti kiwandani tangu alfajiri. Mama alikuwa amepata kazi katika jumba moja la maigizo mjini, ya kushona na kupiga pasi mavazi ya waigizaji. Alitoka alasiri, akarudi nimeshalala. Msimu ule walicheza mchezo wa kale wa kuchekesha, kuhusu kabaila kijana anayeugua mapenzi na binti wa kabaila jirani anayejifanya hamtaki.

Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kufulia chini ya jengo letu, Mama aliusimulia mchezo huo kama habari za watu wa mtaa wa pili. Wasikilizaji wake walikuwa Mama Wanjiru wa Nakuru na Bi Shirin, Mwismailia aliyezaliwa Mwanza. Mama alimwita yule kijana Konte, kwa Kifaransa. Bi Shirin akasema mtu mwenye nyumba kubwa na asiye na kazi, kwa Kiswahili ni Mwinyi, na jina likamkaa. Binti akawa Bibie.

"Bado hajala?" Mama Wanjiru aliuliza, akichomoa soksi kwenye mashine.

"Hajala. Anasema kila sahani ina sura ya Bibie."

"Na mwenyewe Bibie?"

"Anakonda kwa kumpenda. Lakini Mwinyi akija, anaagiza aambiwe amesafiri, huku anamchungulia dirishani."

"Aolewe tu," alisema Bi Shirin. "Mwanamume asiye na kazi atakuwa nyumbani kutwa. Watachokana, wapone."

Walicheka mpaka wakajifuta macho kwa nguo zilizokuwa bado zina joto. Mimi nilikaa juu ya kikapu, sicheki. Mama alipokuwa akimtaja Bibie, sauti yake ililainika kwa namna niliyoifahamu, kwa sababu zamani ilikuwa ikilainika kwangu. Alisimulia alivyompunguza gauni kiunoni, alivyomfunga vishikizo thelathini mgongoni mmoja mmoja. Siku moja akasema, "Jana mtoto wangu alitoka jukwaani analia." Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia tena, mtoto wangu, akimaanisha mwanamke mzima wa Kizungu mwenye picha ukutani mjini.

Tangu siku hiyo nikaacha kumjibu kwa Kiswahili. Akiniuliza kama nimekula, nilimjibu kwa Kiingereza cha haraka nilichojua Mama hakifuati vizuri. Alinitazama, akaenda kutafuta viatu vyake vya kazi.

Papa naye alikuwa na wivu wake. Mama Wanjiru alileta gazeti la bure la kwenye basi, lenye picha ya waigizaji wale wawili wakitoka mkahawani. Maandishi yalidokeza kwamba Mwinyi na Bibie wameanza kupendana kweli, hata nje ya jukwaa. Chumba cha kufulia hakikuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Papa alilikuta gazeti juu ya friji, akaliangalia kwa muda mrefu. Mwanamume yule alikuwa na shingo ndefu na shati lililofunguliwa vifungo vya juu.

"Huyu ndiye unayempigia pasi?" alimuuliza Mama.

"Ndiye."

"Mwenyewe hana mikono?"

Mama alicheka. Papa hakucheka. Jioni zile tulikula sisi wawili, bugali na sombe ya majani ya muhogo iliyopashwa moto, tukisikiliza friji ikinguruma. Nilijua tuko upande mmoja, na nilijivuna kuwa na mwenzangu.

Jumapili moja baada ya kanisa, Papa alitamka. Kiwandani kwao kulikuwa na nafasi, zamu ya asubuhi kama yake. Mama aiache kazi ya mjini.

"Nafasi ya kufanya nini?" Mama aliuliza.

"Kufunga. Kama mimi."

Mama alikuwa akikunja vitambaa vya meza. Aliendelea kukunja mpaka vikaisha. "Mimi nashona," alisema. "Tangu nimefika nchi hii, pale ndipo mahali pa kwanza mtu ameniuliza ninaonaje. Lakini njoo uone kwanza, wewe na Riziki. Kisha utasema, nami nitasikia."

Tulienda Jumamosi iliyofuata, mchezo wa mchana. Papa alivaa suti ya harusi yake. Tulipanda basi la Don Mills hadi Pape, tukaingia treni ya chini ya ardhi, na njia nzima alikuwa akijirekebisha tai kwenye kioo cha dirisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia Bibie. Alipotokea, nilikuta ni mfupi kuliko nilivyodhani na pua yake ni ya kawaida, nikafurahi sana.

Kisha kikaja kipande cha mvua. Mwinyi anakwenda usiku kubisha kwa kina Bibie, na mbele ya lango kuna tope. Akasimama. Akaketi juu ya jiwe, akavua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba, akavitundika shingoni. Akakunja suruali hadi magotini, akavuka kwa ncha za vidole. Ng'ambo akafuta miguu kwa leso, kidole baada ya kidole, akavaa viatu, akabisha. Mlango ulipofunguliwa akagundua cha kushoto kiko kulia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Papa hakucheka. Alinishika mkono, akaubana.

"Huyo ni mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Nilidhani anaumwa.

"Kwa babu yako, kule mtaa wa Kadutu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama yako ndiye aliyefungua mlango."

Mchezo ulipokwisha Mama alikuja kutuchukua, pini zimejaa kwenye ukosi wake. Nyuma ya jukwaa kila mtu alituangalia kama tumetoka kwenye gazeti. Mafundi wa taa waligeuka. Mwinyi mwenyewe, uso nusu umefutwa rangi, alimshika Papa mkono kwa mikono miwili na kusema kwamba kumbe Papa ndiye mwenye vile viatu alivyowasimulia Mama kwenye mazoezi, na kwamba mahali pale ndipo watu wanapocheka kuliko pote. Bibie akaniinamia. Alijua jina langu. Alijua nilivyomfundisha Mama kutamka neno la uzi kwa Kiingereza, ulimi katikati ya meno, tukatemeana mate mpaka tukaanguka kitandani. Alijua siipendi sombe ila naila kwa sababu Papa ndiye aliyeipasha.

Nilipaswa kufurahi. Lakini wivu ulinipanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Mimi mtoto wa nyumba sikuwahi kusikia habari za viatu, na hawa wageni walikuwa wamezisikia, wakazifanyia mazoezi.

Kwenye basi la kurudi Papa alilegeza tai tulipovuka bonde la Don. Halafu akamgeukia Mama. "Hukuwaambia kwamba nilivikosea kwa sababu kaka yako alizima taa makusudi?"

"Niliwaambia. Walisema haichekeshi."

"Inachekesha," alisema Papa. "Hukuisimulia vizuri." Akaanza kuisimulia yeye, pale kwenye kiti cha basi, kuanzia mvua, nami nikasogea katikati yao nisipitwe na neno.

Habari ya kiwanda haikutajwa tena. Mama alishona pale kwa miaka mingi. Wale waigizaji wawili, kumbe, hawakupendana. Mama alijua tangu mwanzo, kwa kuwa Bibie alikuwa akimlilia mtu mwingine kabisa. Hakuwahi kuwaambia wenzake wa chumba cha kufulia.

Siku zile niliamini kwamba Mama alipeleka moyo wake mjini na kutuachia sahani za kupasha moto. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba watu wawili wanaopishana mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akivaa, hawana saa ya kuambiana wanavyopendana, na kwamba maneno yale yasiposemwa nyumbani yatatafuta pa kusemwa. Mama alikuwa akituongelea kwa sababu alikuwa ametukosa.

Siku hizi nauguza wazee, zamu za jioni. Wenzangu kazini wanamjua mwanangu wa kiume vizuri sana: anavyolala na soksi moja, anavyobishana na redio. Hucheka, huniuliza ya leo ni yapi. Yeye yuko nyumbani na baba yake, wanakula. Wiki iliyopita nilimuuliza kama amekula, akanijibu kwa Kiingereza, haraka. Nikavua koti nililokuwa nimeshavaa kwenda kazini, nikaketi karibu naye.