Njugu Moja kwa Kila Neno

Mume wangu alikuwa mkulima wa njugu upande wa Angurai, nami ni mwalimu wa chekechea. Baada ya kumzika mwaka jana, nilirudi darasani na gunia lake la mwisho, kwa sababu kuliangalia nyumbani kulinishinda. Nilikaanga njugu kidogo kidogo. Mtoto akisoma neno sawasawa, nilikuwa nampa moja papo hapo.

Jambo hilo sikulibuni. Nililisikia kwenye semina ya walimu pale Amagoro: tuzo ifuate kitendo bila kuchelewa, na mtoto atakirudia. Ilikuwa kweli. Msichana mmoja ambaye muhula mzima hakufungua mdomo alianza kusoma. Nilifurahi, na sikuwa nimefurahia kitu tangu mazishi.

Kisha gunia likaisha. Siku hiyo msichana yule alisoma neno moja, akanyoosha kiganja. Nikamwambia hakuna. Akafunga kitabu.

"Huyo anasoma na tumbo!" wenzake wakapiga kelele.

Wiki nzima hakukifungua. Ijumaa mama yake, anayeuza ndizi Malaba, alinijia.

"Ticha, hata nyumbani anataka njugu ndio asome. Kwani umefungua kibanda huko darasani?"

Tukacheka. Lakini akaniuliza kama mtoto atarudi kunyamaza kama zamani.

Nilimwendea mwalimu mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye semina.

"Dada, si tuliambiwa tuzo ipunguzwe polepole?" akashangaa. "Kwanza neno, halafu mstari, halafu mara mojamoja, mwishowe unamsifu tu."

Hilo sikulisikia. Nilikuwa nimetoka mapema. Mume wangu alikuwa mgonjwa wakati huo, na watu hudhani nilikimbia kumuuguza. Sijawahi kuwasahihisha. Ilikuwa siku ya soko, nikaenda sokoni.

Nilinunua kikombe kimoja cha njugu, nikaanza upya na msichana yule. Njugu moja kwa mstari. Akanuna, akasoma. Kisha moja kwa ukurasa. Kisha siku nyingine hakuna kitu, ila "vizuri, mama." Siku mbili aligoma kabisa. Nikavumilia, ingawa mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Jumatano moja alisoma ukurasa mpaka chini. Nikangoja kiganja. Alilowesha kidole kwa mate, akafunua ukurasa wa pili, akaendelea. Nilitaka kumsifu, nikajizuia nisije nikamkatiza.