Baruti Ngeni katika Gobore la Bakhit

"Mama Noof, hivi wewe huogopi kulala nyumba moja na baruti?"

Aliyeuliza ni Stefania, dada wa Bukoba aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani hapo Bustan, nje kidogo ya Maskati. Alikuja kurudisha bakuli, akamkuta Bi Kheiria uani amekunja mikono ya nguo, anaumiminia maji ya moto mtutu wa bunduki, kama mtu anavyookoa sufuria iliyoungulia wali.

"Nnaogopa, mwanangu, kwa nini nisiogope? Ndo maana silali bila udhu."

Stefania alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Bi Kheiria hakuwa akifanya mzaha mtupu. Aliondoka Unguja msichana mdogo, akaolewa Maskati na Bakhit, karani wa bandarini, mtu mpole asiyepandisha sauti. Siku alipoingia nyumbani kwake alikuta bunduki ndefu imetundikwa ukutani, urithi wa baba mkwe. "Kumbe nimeolewa ukewenza," alisema, na mumewe akacheka, na tangu hapo gobore likaitwa Bi Mkubwa.

Wenyeji huiita abu fatila, yaani mwenye utambi. Haina mambo mengi. Baruti humiminwa mdomoni ikashindiliwa na kitambaa, kidogo ikatiwa kwenye kisahani cha ubavuni, kisha utambi unaofuka hukigusa kile kisahani, moto ukapenya kitundu na kuingia ndani. Hakuna risasi, ni sauti tu ya furaha. Na katika ukoo wa Bakhit bibi arusi havuki kizingiti cha baba yake mpaka sauti hiyo isikike. Mama zao walitoka hivyo, na bibi zao.

Kila ilipolia, Bi Kheiria alikuwa akisema Subhanallah. Unga mweusi kama masizi, umetulia kiganjani kama unga wa hina, hauna harufu ya kutisha wala uzito. Ukiguswa na cheche, milima yote ya Bustan inaitika. Alijiuliza nguvu hiyo ilikuwa imelala wapi, na ni nani aliyeilaza, na jawabu lake lilimfanya ainamishe kichwa.

Mwaka wa tisini na sita mzee mmoja wa bara ya Omani, aliyekuwa akiwasagia baruti, alifariki, na wanawe hawakuishika kazi ile. Mwaka huohuo rafiki yao Thani, kwa kukosa ile ya zamani, akafungua risasi za bunduki ya kisasa, akatia baruti yake kwenye gobore lake mwenyewe. Baruti ni baruti, alisema. Lakini ile ya risasi, isiyotoa moshi, ina nguvu ambazo mtutu mkongwe hauziwezi. Ulipasuka kama bua. Thani alibaki hai, Alhamdulillahi, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda.

Basi mwaka wa tisini na tisa ilipofika harusi ya Noof, bintiye wa pekee, Bi Kheiria alikosa raha.

"Mwanangu hatoki humu kimya kimya kama mwizi," alisema Bakhit.

"Atoke na vigelegele. Mie nnakutaka wewe na mikono yako miwili."

"Mama Noof, nnayo haki moja tu siku ile, kulipiga gobore."

Bi Kheiria aliyaona macho yake, akaacha kubisha.

Aliyeleta njia ni Jaifar, mdogo wake Bakhit, aliyekuwa na ofisi Khuwair ya Kusini na kupenda mashindano ya shabaha. Alikuja na mkebe alioagiza kwa kibali: baruti ya kiwandani, iliyotengenezwa kushika nafasi ya ile nyeusi katika magobore.

"Hii si ile ya Thani, shemegi," alimwambia. "Hii imepimwa kwa mitutu kama hii. Inatoa moshi kama ile ya zamani, na inapimwa kwa kipimo kilekile cha kujaza, si kwa mizani."

"Na nikikwambia wewe uanze kuipiga?" aliuliza Bi Kheiria.

"Mimi bado sijaoa mke wa pili, niache kwanza!"

Walikwenda wote watatu bondeni nyuma ya nyumba, asubuhi, mdomo wa bunduki umeelekezwa mlimani. Bakhit akajaza, akashindilia, akagusisha utambi. Kisahani kikatoa moshi kidogo, kikafuka, kikanyamaza.

"Usiishushe!" Jaifar alipiga kelele. "Huenda inawaka taratibu ndani. Ngoja!"

Wakangoja hapo, Bakhit hatikisiki, Bi Kheiria anasoma Ayatul Kursiy. Haikulia.

"Haishiki moto kwa wepesi," alisema Jaifar. "Utambi hauitoshi. Inataka ile nyeusi yenyewe kidogo, kwenye kisahani na chini kabisa ya mtutu, ndo iiamshe hii."

Bakhit alikuwa na kidogo, ndani ya pembe aliyokuwa hataki kuigusa. Ilikuwa ukumbusho wa yule mzee. Akamtazama mkewe.

"Marehemu aliisaga ipigwe," alisema Bi Kheiria kwa upole. "Hakuisaga itundikwe."

Wakausafisha mtutu, wakaanza upya. Chembe za marehemu chini, za kiwandani juu yake, na chembe za marehemu tena kisahanini. Utambi ukagusa. Ardhi ikatetemeka chini ya ndara za Bi Kheiria, moshi mweupe ukajaa bonde, na mlima ukajibu, na mlima wa nyuma yake ukajibu. Hakuweza hata kusema Subhanallah. Chembe zilizosagwa na mkono uliokwisha zikwa zimewaamsha wageni kutoka nchi asiyoijua, zikalia sauti moja.

Siku ya harusi, baada ya Alasiri, Noof alisimama kizingitini. Gobore likalia. Akavuka analia na kucheka, na magari yakaondoka kuelekea Al Khoudh, kwa bwana arusi.

Bakhit alibaki mlangoni, uso umejaa masizi. Bi Kheiria akaishika mikono yake, akaigeuza, akaitazama, mizima yote. Kisha akaigeukia bunduki.

"Bwana Bakhit," alisema, "nnakuomba uijaze tena. Nataka hii niigusishe utambi mimi."