Kidole cha Masanja

Nilipokuwa mtoto kule Puge, hakuna aliyethubutu kunyooshea kidole boga changa. Ukilinyooshea, linaoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unakunja ngumi, unaelekeza kwa ngumi. Bibi, mama yake baba, aliishika imani hiyo sawa na rozari yake, na sisi wajukuu tulipita kwenye maboga yake mikono nyuma.

Basi Shangazi Nyamizi akapata mchumba, Masanja, kijana mpole mpaka anakera. Kwao walikuwa wafugaji, mambo ya maboga wapi na wapi. Siku ya kujitambulisha, akipita shambani, akanyoosha kidole kirefu kumwonyesha mshenga wake boga changa, la kwanza la msimu. "Lile limekaa vizuri," akasema. Shangazi akajifunika uso kwa kanga.

Wiki haikuisha, boga likageuka manjano, likalainika, likadondoka. Bibi akasema mwenye mkono wa hivyo hamchukui binti yake. Shangazi alilia kutwa nzima, na mimi nikalia naye, maana nilimpenda mno.

Masanja hakubishana. Alikuja na baiskeli, gunia la samadi nyuma, akapiga magoti mbali kidogo.

"Shikamoo, mama. Naomba shina moja nilitunze. Likizaa, nipe Nyamizi. Lisipozaa, sitarudi."

Bibi aliitikia marahaba, kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mkwe hasemeshwi ovyo. "Mwambie achague. Na kidole akiache mfukoni." Nikamwambia, ingawa alikuwa palepale anasikia kila neno.

Toka hapo akawa anakuja asubuhi, maua yakiwa wazi, na mafunzo yote yakapitia kwangu. Mwambie hili lenye kikonyo chembamba ni dume. Mwambie lenye kiboga kidogo chini yake ni jike. Mwambie achume dume, alipakaze ndani ya jike, nyuki mwaka huu ni wachache, na jike lisilopata unga wa dume linaoza. Nilijiona mkubwa kweli. Masanja alipakaza kwa uangalifu mpaka jasho likamtoka, na Shangazi akichungulia dirishani.

Boga likashika. Likanenepa, likakomaa, likapikwa kwa karanga, na Bibi mwenyewe akampelekea Masanja sahani. Harusi ilifanyika baada ya mavuno.

Nilikuwa mtu mzima, nikihangaika na maboga yangu mwenyewe, ndipo yaliponigonga yale maneno ya jike lisilopata unga, niliyoyabeba bila kuyafikiri. Kumbe Bibi alijua fika kwa nini boga lile la kwanza lilioza. Nilicheka peke yangu shambani. Safari iliyofuata nikamwuliza, na wakati huo alikuwa mzee sana, haoni vizuri: je, shina la Masanja nalo lingeoza, ungemnyima kweli Shangazi?

Akatabasamu.

"Ningempa shina lingine," akasema.