Mwenzetu wa group alishindwa na titration, tukaenda kwao Galbet tukakutana na makubwa

Wakuu, habari za humu ndani. Assalamu aleikum kwa wanaoitikia, na wengine pia nawasalimu.

Nimekuwa msomaji kimya hapa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu hili jambo limekataa kutoka kichwani. Sijaongeza chumvi popote. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Garissa ni ndogo, ukipiga chafya asubuhi jioni unaulizwa homa inaendeleaje.

Mimi ni binti, nimemaliza form four majuzi kwenye day school moja ya mchanganyiko hapa mjini. Niiteni Hafsa.

Twende.

Madam wetu wa Chemistry alitugawa group za watu wanne tangu form three. Yetu ilikuwa mimi, Deka ambaye nimekaa naye dawati moja tangu primary, Mutua ambaye babake ni askari aliyehamishiwa huku kutoka Kitui, na Abdinasir.

Kwa sababu ya Mutua tulikuwa tunaongea Kiswahili kwenye group. Kisomali chake kinaishia kwenye salamu na matusi.

Abdinasir ndiye alikuwa ubongo. Ukimpa readings, anaangalia dari kidogo, anakupa jibu la moles kabla hujawasha calculator. Mutua ana mkono mtulivu kwa hiyo yeye alimwaga. Mimi nilisoma vipimo. Deka aliosha vyombo na kulalamika.

Hakuna aliyetupangia. Ilijipanga tu, na tulikuwa group bora darasani.

Sasa kwa wale mliokimbia Chemistry, titration ni hivi. Una mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, unaitwa burette. Ndani kuna acid. Chini unaweka flask yenye base pamoja na matone ya indicator. Unafungua koki, acid inadondoka, na indicator ikibadilika rangi unafunga papo hapo. Ile tuliyotumia sisi inatoka njano inakuwa pinki.

Ukichelewa kufunga, umeharibu. Na unarudia mara tatu, majibu lazima yakaribiane.

Hiyo tu. Rangi ikigeuka, funga.

Siku moja Madam akaingia lab akatangaza, "Kuanzia leo mnabadilishana kazi. Kwenye mtihani wa taifa hakuna group. Kila mtu na burette yake."

Kwa hiyo Abdinasir akawekwa kwenye koki.

Mara ya kwanza Mutua alikuwa ameenda kuchukua maji, Deka yuko sinki, mimi macho yangu yako juu kwenye namba. Mutua kurudi akakuta flask imekuwa kama juisi ya tikiti, na Abdinasir bado anadondosha.

"We! Umepitisha!"

"Nimepitisha nini?" Abdinasir akauliza.

Tukamwaga, tukaanza upya. Akapitisha tena. Mara ya tatu akaogopa, akafunga mapema kabla kitu chochote hakijatokea. Namba zikawa mbingu na ardhi.

Madam akapita, akaziangalia, akasema kwa sauti ya darasa zima kusikia, "Hii group imezoea kupika majibu. Leo mmeshindwa hata kupika."

Mutua akalipuka. Alikuwa anaitafuta A ya Chemistry kwa udi na uvumba.

"Madam, huyu anafanya makusudi. Hataki kazi ya mkono. Anataka kukaa akipiga hesabu kama boss."

"Wallahi sifanyi makusudi," Abdinasir akasema.

"Basi wewe ni nini, kipofu?"

Wakuu, alisema kwa hasira tu. Lakini hilo neno lilivyotoka, Madam aligeuka akamwangalia Abdinasir kwa namna tofauti.

Akavuta stuli, akakaa. "Abdinasir, anza tena. Mbele yangu. Wengine nyamazeni."

Akaanza. Tone, tone, tone. Kwenye flask njano ikatikisika, ikarudi. Ikatikisika tena. Halafu pinki ikakaa. Kila mtu aliiona. Hata group ya nyuma walikuwa wamesimama kuchungulia.

Abdinasir hakufunga.

Nilimtazama usoni. Alikuwa ameinama, amekaza macho kwenye ile flask kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Jasho linamtoka. Hakuna mzaha pale.

Madam akamwuliza polepole, "Imegeuka?"

"Bado, Madam."



Madam akachukua flask mbili, moja njano, nyingine pinki, akaziweka juu ya tile nyeupe. "Kuna tofauti gani?"

Abdinasir akaziinua moja moja, akazipeleka dirishani kwenye mwanga. Akarudi.

"Hii moja imekolea kidogo," akasema. Halafu akatuangalia sisi, mmoja mmoja. "Si ni rangi moja?"

Deka akaweka mkono mdomoni. Mimi nilihisi baridi mgongoni, na Garissa hakuna baridi.

Sasa hapa ndipo pa kushtua. Madam huyohuyo ndiye anatufundisha Biology. Tulikuwa tumetoka kumaliza topic ya genetics, na mfano kwenye kitabu ulikuwa colour blindness. Mtu asiyeona tofauti ya rangi. Mama anaibeba bila yeye kuugua, kijana anazaliwa nayo.

Na unajua nani alisimama ubaoni akatueleza ile michoro ya X na Y mpaka Mutua akaelewa?

Abdinasir.

Alitufundisha ugonjwa wake mwenyewe, na hakujua. Hata sisi tuliokaa naye meza moja hatukujua.

Abdinasir aliunganisha mwenyewe, akacheka, wakuu. Akasema, "Kumbe ni mimi." Kisha kicheko kikakatika, na nikaona mahali akili yake ilipofika.

"Hooyo," akasema kwa sauti ya chini. Yaani mama.

Nje ya lab Mutua alikuwa anaongea peke yake. Aliniambia, "Unakumbuka tukicheza mpira na zile bib za timu, nyekundu na kijani? Kila siku ananipigia pasi adui. Nimemtukana miaka miwili." Hakuweza hata kumaliza samosa yake.

Kesho yake Abdinasir hakuja shule. Na kesho kutwa pia. Madam akatuita watatu, akasema, "Nendeni mkamwone. Na mumweleze mama vizuri. Najua hajamweleza."

Tukaenda baada ya asr.

Kwao ni Galbet, mtaa wa hapa mjini, nyumba ya mabati yenye kivuli kizuri cha turubai mbele. Mamake anauza nguo za kike sokoni, zile dirac nyepesi za rangi. Alitupokea macho yamevimba. Ndani alikuwepo pia kaka yake, mjomba wa Abdinasir. Sisi mjomba wa upande wa mama tunamwita abti. Huyu ni mfanyabiashara wa mifugo, ananunua Ijara analeta Garissa. Mzee mkavu, mrefu, maneno machache.

Abdinasir alikuwa amemwambia mamake kitu kimoja tu, kwamba macho yake ni mabovu. Mama akaelewa kwamba mtoto anakuwa kipofu. Alikuwa amelia tangu siku ile, na ameshamtafutia sheikh wa kumsomea.

Mutua ndiye alianza. Sijawahi kumwona mpole hivyo.

"Mama, hatakuwa kipofu. Anaona vizuri kuliko mimi. Ni rangi tu, nyekundu na kijani, zinamchanganya. Hazitazidi, hazitapungua."

Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tunaliogopa.

"Na hii imetoka wapi?"

Tukaangaliana. Deka akaanza kukagua kucha zake.

"Kwako, hooyo," Abdinasir akasema.

"Kwangu?" Mama akashika kifua. "Mimi nauza nguo! Mteja akitaka kijani ya bahari na kijani ya majani, mimi namtolea bila kuangalia mara mbili. Mimi nimekosa nini?"

Ikabidi nimweleze kwa Kisomali. Kwamba yeye anaona sawasawa, ila ameibeba tu, pengine kutoka kwa mamake. Kwamba si kosa, hakuna alichokula wala alichofanya. Aliniuliza mara nyingi, "Una uhakika, binti yangu?" Nikasema ndiyo. Wakuu, pale nilijua kupata maksi kwenye swali ni jambo moja, na kulieleza mbele ya mama anayetetemeka ni jambo lingine kabisa.

 Abti akacheka.

"Nyinyi watoto wa shule. Yeye anaona ngamia ikiwa mbali kuliko mimi. Macho gani mbovu?"

Mutua alikuwa amepakua kwenye simu zile picha za kupima, duara lililojaa nukta za rangi, na katikati nukta zinaunda namba. Akampa. "Abti, hapa unaona namba gani?"

Mzee akasogeza simu mbali, akaileta karibu. "Hakuna namba. Ni matone tu."

"Iko, abti. Ni nane."

"Waryaa, we kijana, usinidanganye."

Mamake Abdinasir akaichukua simu. Hata hakukaa nayo. "Nane," akasema. Akanipa mimi. Nane, wazi kabisa. Deka, nane.

Abdinasir na mjomba wake wakaangaliana. Wao wawili tu ndio hawakuona kitu.

Mama akasema kama anaota, "Ndiyo maana kila nikimtuma nyanya ananiletea mbichi. Nimemchapa kwa ajili ya nyanya."

Lakini mawazo ya abti hayakuwa hapo tena. Alikuwa anatazama ukuta. Akamwuliza Mutua, "Babako ni askari. Hii kitu ya matone, jeshi wanapima?"

"Wanapima, abti. Baba alisema kuna kitabu cha nukta. Ukishindwa, unarudi nyumbani."

Mzee akavua kofia yake, akaishika mkononi.

Akatueleza, polepole, kwamba akiwa kijana alienda kuandikishwa jeshi pamoja na rafiki yake. Walikua pamoja huko karibu na Liboi, mpakani na Somalia, wakachunga pamoja, wakatahiriwa siku moja. Walikimbia mbio wote wakapita. Meno, kifua, wote wakapita. Kwenye meza ya daktari akaonyeshwa kitabu. Akasema anaona matone. Daktari akasema, "Macho. Nenda." Hakuna aliyemweleza zaidi.

Rafiki akachukuliwa.

"Mimi naona nyayo ya fisi kwenye mawe," abti akasema. "Eti macho. Nikajua ni uongo. Nikajua kuna mtu amewaambia mimi nimezaliwa ng'ambo ya mpaka. Na nani ananijua zaidi ya huyo rafiki?"

Hakuzungumza na huyo rafiki tena. Tangu kabla sisi hatujazaliwa. Rafiki alistaafu, amejenga hapa hapa mjini, wanaswali msikiti mmoja. Wakitoka, mmoja anashika njia hii na mwingine ile. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba watoto wao hawajawahi hata kuruhusiwa kucheza pamoja.

 

Adhana ya maghrib ikaanza. Abti akasimama, akamwambia Abdinasir, "Twende. Wewe utaeleza. Mimi sijui hiyo maneno ya X."

Yaliyofuata tuliambiwa na Abdinasir mwenyewe aliporudi shule.

Walimngoja yule rafiki wa zamani mlangoni pa msikiti. Abti akamshika mkono, watu wakasimama kutazama. Abdinasir akaeleza yote, kitabu cha nukta, mama anayebeba, kila kitu. Yule rafiki akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha akamwambia abti, "Mimi nilidhani ni wivu. Kwamba umenichukia kwa sababu nilipata na wewe ukakosa. Sikukusema popote. Ungeniuliza tu."



Yule mzee akaendelea. "Nilimzika kijana wangu. Mji mzima ulikuja. Nilikuwa nakuangalia njiani nikisema leo atakuja. Hukuja."

Abdinasir anasema hajawahi kuona mjomba wake akilia. Alilia pale pale, amekaa chini kwenye ngazi, viatu mkononi.

Siku iliyofuata wazee wawili walienda makaburini pamoja.

Kuhusu mtihani, Madam alihangaika na mkuu wa shule, barua zikaenda na kurudi, mwisho ikakubaliwa Abdinasir awe na mtu wa kumtajia rangi wakati wa practical. Matokeo bado tunayangoja kama wengine. Mutua alitumia muhula mzima akimtengenezea flask za kujifunzia, na hakuna aliyemwomba. Hawajawahi kuombana msamaha kwa maneno, wavulana ndivyo walivyo.

Nilichojifunza mimi ni kwamba group nzuri inaweza kukuficha. Tulijaziana mapengo vizuri sana mpaka pengo la mwenzetu halikuonekana, wala yeye hakuliona. Kama Madam hangetubadilisha, Abdinasir angeligundua kwenye chumba cha mtihani, peke yake. Na nililodhani ni somo la kukariri, kumbe ni jina la kitu kilichovunja urafiki wa watu wazima.

Sasa wakuu, mniambie. Kuna mtu humu aliyewahi kukataliwa mahali akaambiwa "macho" bila maelezo? Ulimlaumu nani?

Na wewe unayesoma ukiwa na uhakika kwamba nyekundu yako ndiyo nyekundu ya kila mtu, uliwahi kupimwa?