Siku Niliyomkana Mama Mbele ya Picha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikipita katikati ya jiji hunifanya nigeuze uso. Nilikuwa nesi kijana, nakaa mtaa wa Small Heath hapa Uingereza, na mama alikuwa amekuja kutoka kwetu Molo kunitembelea. Wenzangu kazini nilikuwa nimewaambia mama ni mwalimu. Ukweli, alikuwa na ng'ombe watatu, na maziwa yao ndiyo yaliyonisomesha.

"Mama," nilimwonya, "mambo ya ng'ombe tuyaache nyumbani."

Jumamosi tukaenda jumba la sanaa pamoja na Claire, msimamizi wa wodi yetu. Kulikuwa na picha za kale za Waholanzi. Nilitarajia wafalme, nikakuta matope! Kibanda cha nyasi kilichoinama, mzee na mzigo wa kuni, na mwanamke miguu peku akikamua ng'ombe. Yote hayo katika fremu ya dhahabu, na watu wamesimama mbele yake kimya kama wako kanisani. Nilipigwa na butwaa. Kumbe Wazungu nao walikanyaga samadi?

Mama akapaza sauti: "Wee! Huyo ng'ombe atamwaga ndoo! Mbona hakumfunga miguu ya nyuma?" Akachuchumaa palepale, akakamua hewa kwa mikono miwili. Watu wakageuka. Mlinzi akanijia, akaniuliza kwa upole kama niko na yule mama.

"Hapana," nikasema kwa Kiingereza. "Simjui."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Claire, ambaye asubuhi ile alikuwa amemkumbatia mama, alinigeukia kwa mshangao. Kwangu mimi ilikuwa kana kwamba ni mtu mwingine aliyesema. Na mama, niliyedhani hasikii Kiingereza, alishusha mikono polepole.

Tuliporudi nyumbani, mlangoni, mama akasema, "Yule mwanamke hakuna anayemjua jina, na bado wamemtundika ukutani. Wewe langu unalijua."

Nilipiga magoti, akanisamehe. Lakini Uingereza hakurudi tena.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi wewe uliyezaliwa hapa, unayenijibu kwa Kiingereza, ukiulizwa bibi yako alikuwa nani, sema alikamua ng'ombe, na useme kwa sauti. Usingoje wageni wakuonyeshe thamani ya watu wako.

Mungu akupe ulimi usiowakana wako, mwanangu, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe kwa jina lako halisi.