Kamati Yaingia Bwawani

Karwirwa alikuwa mfinyanzi wa vyungu huko Kanja, na alikuwa na macho ya mtu anayekaribia kucheka. Mumewe, Ndambiri, aliyajua macho hayo. Yakianza kung'aa, alijitafutia kazi upande mwingine wa shamba.

Kiangazi kile, miaka kumi na mitano hivi baada ya uhuru, hakukuwa na kazi upande wowote. Kabeji zilikuwa zimelegea kama masikio ya mbuzi. Maji ya mfereji yaliwafikia Alhamisi tu. Yaliingia kwenye bwawa lao dogo, na Ijumaa asubuhi bwawa lilikuwa limeyameza yote. Kamati ya mfereji nayo ilikuwa na sheria: bwawa lisiloshika maji hadi asubuhi, zamu yake anapewa jirani. Jirani alikuwa Naftaly. Mwenyekiti wa kamati, Naftaly huyo huyo.

"Nawapa Alhamisi moja tu," akasema, mikono juu ya tumbo. Alikuwa mtu mzito. Akikaa kwenye benchi kanisani, walio upande wa pili wanainuka kidogo.

Alipoondoka, Karwirwa akamwambia mumewe, "Baba Njoka, udongo wa vyungu uko kule mtoni. Chungu changu kimewahi kuvuja?"

Ndambiri akachukua jembe, akarudi kwenye kabeji. Shimo la udongo huo lilikuwa la wanawake. Mwanamume akilikanyaga, vyungu vinapasuka motoni. Ndivyo walivyoambiwa tangu utoto. Tena aliona aibu kuomba udongo kwa mke. Basi Karwirwa alipokwenda soko la Kianjokoma, yeye akachimba udongo mweusi wa bondeni, ule unaong'ang'ania jembe. Akaupaka bwawani kwa ubapa wa panga mpaka ukang'aa. Akauacha jua liukaushe vizuri.

Jua likaukausha vizuri. Kufikia Jumanne ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono.

Karwirwa akaja, akaingiza wake hadi kiwiko. "Baba Njoka, umechimba visima vingapi hapa?"

"Nilipaka nikasawazisha."

"Naona. Mijusi wameshahamia."

Wakaukwangua wote. Jumatano Karwirwa na wafinyanzi wenzake wakapanda kutoka mtoni na udongo wa kijivu kwenye viondo. Karwirwa alisokota kipande kama mkia wa panya, akakizungusha kidoleni. Hakikukatika. Wakautandaza bwawani, unene wa shubiri moja, wakaufunika kwa majani ya migomba usikauke. Ilibaki kuukanyaga mpaka ushikamane, usibaki na tundu hata la sindano. Wanawake walikuwa hoi.

"Tutaukanyaga sisi wawili?" Ndambiri akauliza. "Na maji ni kesho saa sita? Hatuna hata uzito wa ng'ombe mmoja."

Macho ya Karwirwa yakaanza kung'aa. "Kesho asubuhi kamati inakuja kukagua."

Naftaly alifika na wenzake wawili, Munyi na Salesio. Majani yalikuwa yameondolewa. Wakasimama ukingoni.

"Hili ni tope tu," Naftaly akasema.

"Umejuaje ukiwa huko juu, Mwenyekiti? Maji yakikaa, mtasema tumewadanganya. Vueni viatu, mkague na chini."

Naftaly alikuwa na hamu ya kupata kosa. Akavua, akakunja suruali, akaingia. Kisigino kikazama.

"Hapa ni laini!"

"Wapi? Onyesha vizuri."

Akapiga mguu. "Hapa!"

"Sijaona bado. Hebu tena. Na wewe Munyi, tafadhali usiende kona ile. Ile niliifanya haraka."

Munyi akaikimbilia kona ile. Salesio akaona mahali pa kwake, akaanza kuruka. Kila walipopata ulaini walipiga kelele, na Karwirwa akataka ushahidi zaidi. Ndambiri aliuma ukingo wa kofia yake asicheke, akatazama mlima.

Kufikia saa tano hapakuwa na mahali laini. Naftaly alihema, tope hadi mapajani.

"Ni gumu," akasema kwa uchungu.

Saa sita maji yakaingia. Bwawa lilipojaa, Naftaly akachomeka fimbo kwa mkono wake mwenyewe, akaitia alama ya kisu pale maji yalipofika. Ijumaa akarudi na wenzake kabla ya chai. Maji yalikuwa yamepungua unene wa ukucha. Akachuchumaa pale kwa muda mrefu.

"Haya. Zamu ni yenu," akasema mwishowe. "Lakini Mama Njoka, ni nani aliyekanyaga udongo huu?"

"Kamati."

Munyi akakohoa. Salesio akageukia kabeji. Naftaly akatazama vidole vyake vya miguu. Katikati yake bado palikuwa na udongo wa kijivu.

"Bwawa langu nalo," akasema polepole, "linavuja kidogo."

"Udongo tutakuletea, Mwenyekiti. Lakini wewe utakaguliwa na nani?"

Ndambiri akainama upesi kufunga kamba za viatu. Hakuwa amevaa viatu.