Msimamizi kanibana kwa arobaini yangu mwenyewe

Miaka yangu sabini na nane. Nimeyapita mafuriko ya Rufiji, njaa, na mamba wa Mbuchi. Leo nimebanwa na kijana mwenye miwani!

Mwanangu Zuhura anafanya kazi ghala la korosho hapa Kibiti. Kajifungua mtoto njiti, unamfunika kwa kiganja.

Msimamizi wake alipopiga simu kuuliza atarudi lini kazini, niliipokea mimi. Nikamkoromea: "Kwetu mzazi hatoki ndani mpaka arobaini itimie, utake usitake!"

Akasema, "Sawa mzee, nimekubali."

Nikajisifu mtaa mzima.

Leo asubuhi huyo, kaja na bodaboda.

"Shikamoo mzee. Arobaini si imetimia? Nimemfuata Zuhura."

Nikamwambia sheria inampa karibu miezi mitatu, na mwenye njiti siku hizi anaongezewa. Redio imesema!

Akacheka. "Siku ulizitaja mwenyewe, mzee. Asiporudi leo, nafasi yake ina watu."

Jamani, nikainuka na mkongojo wangu!

Zuhura akatoka, mtoto kamfunga kifuani kwa kanga.

"Baba, kaa kwanza. Na wewe kaka, arobaini ni ya baba, likizo ni yangu. Ukinifukuza tutaonana kwa afisa kazi."

Kijana akapanda bodaboda bila kuaga.

Nimeudhika mpaka sasa. Nyie mngemjibuje?

Asiyeamini amuulize Bi Mwajuma mkunga, alikuwepo uani. Au dereva wa bodaboda, aliyempongeza binti yangu, na mimi hata hakunitazama.